Redio Haiitikii: Dorca Akello na Mafunjo ya Kisian

Saa moja asubuhi, ufukweni mwa Ziwa Victoria karibu na Kisian, Dorca Akello anatundika redio ndogo kwenye tawi, anaifungulia sauti mpaka mwisho, kisha anaingia majini na panga lake. Hatua chache tu, mafunjo yanammeza. Anabaki mtangazaji peke yake, akiwasomea ndege habari.

Dorca, mwenye umri wa miaka 58, hukata mafunjo, ambayo wenyeji huyaita togo, na kufuma mikeka. Mafunjo hupita kichwa cha mtu, na ukiwa ndani kila upande ni sawa. Ndiyo maana kazi hii ni ya watu wawili: mmoja anakata, mwingine anabaki nchi kavu akiita jina la mwenzake. Mkataji anaitikia. Asipoitikia, majirani wanaitwa.

Mwitaji wa Dorca alikuwa mumewe, Oyugi. Alifariki miaka mitatu iliyopita.

“Alikuwa anaita mimi mpaka sauti inakauka,” anasema, akicheka. “Nikichelewa kuitika, ananigombeza huko huko kwa maji.”

Sasa huifuata sauti ya redio ili atoke. Lakini redio inajua kusema tu, kusikia haijui.

Mwezi uliopita mguu wake ulinaswa na mizizi chini ya maji. Alipiga mayowe hadi akachoka. Kwenye tawi, redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo.

“Nikajiuliza, sasa langu nani atapeleka? Watoto wako Nairobi, wanapiga simu Jumapili. Na hiyo ilikuwa Jumatatu.”

Aliukata mzizi kwa kupapasa, akatoka anavuja damu. Hakumwambia mtu. Upweke, anasema, ulimuuma kuliko kidonda.

Watoto wanamsihi aache, lakini mikeka ndiyo inayomlisha, na mkono mtupu haulambwi. Jirani yake Dolphine, mjane anayeuza dagaa wa omena, yuko karibu kabisa. Tatizo ni desturi aliyoikuta kwa wakwe zake: jina la mtu haliitwi majini ila na mtu wa nyumba yake. Dolphine ni mtu baki.

“Mila ni mzuri, lakini mila haitanitoa kwa maji,” anasema Dorca, akifunga mzigo wake. “Kesho naenda kwa Dolphine, nimwombe akuwe ananiita. Akikataa, ni sawa tu. Lakini angalau atakuwa anajua mimi huingia huko ndani.”