Kiraka Nyuma ya Ubao wa Mlango

Majina ya wote waliookota kura ya shamba siku moja na sisi ninayo kichwani mpaka leo, na kwa mpangilio. Mkono ulikuwa unaingia kwenye kofia, unatoka na kikaratasi chenye namba, na namba hiyo ndiyo shamba lako. Mzee wangu, aliyenioa, alitoa yetu, ikapigwa muhuri, akaitia mfukoni mwa shati na kufunga kifungo. Mimi shule niliachia darasa la pili, lakini jina la mtu likishaingia sikioni mwangu halitoki. Hapa siyaandiki, kwa sababu wenyewe wamelala na watoto wao wapo.

Sasa kamati ya mashamba ilikuwa inataka kile kikaratasi chenyewe. Mwenyekiti alikuja kwangu, mtu mzima ambaye mimi ndiye niliyemwosha alipozaliwa, akaniita shosho, bibi yake, akanieleza kwa heshima kwamba wapimaji wanakuja Jumatatu na asiye na karatasi hatapimiwa. Shamba lake litahesabiwa halina mwenyewe. Nikamtajia jirani wa juu, wa chini, wa ng'ambo ya mtaro, na aliyeshika ile kofia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Shosho, hao wote wako kaburini,” akasema. “Na majina hayapigwi muhuri.”

Nilitafuta. Nilipasua godoro, nikashusha masanduku, nikapekua Biblia ukurasa kwa ukurasa. Mzee alikuwa amekufa mwaka uliopita bila kusema alikoiweka, maana ugonjwa ulimpiga upande mmoja ukachukua na ulimi. Ndipo nikakumbuka kwamba yeye aliamini gari kuliko nyumba. Mwaka tuliokimbia ghasia, nyumba ilichomwa na pikapu ikabaki, kwa sababu tulikuwa ndani yake.

Nikaita fundi, yule yule aliyekuwa akiitengeneza tangu mzee akiwa mzima. Alianza na mlango wa dereva. Akafungua skrubu za pale pa kuegemeza mkono, akatoa kile kishikio cha kuzungusha kioo, kisha akaingiza bisibisi bapa pembeni ya ubao wa ndani, akawa anaubembeleza klipu moja baada ya nyingine. Tuliona vumbi jeupe la njia ya Kariandusi na kitana cha mzee. Basi.

Alipogeukia mlango wa upande wangu, ubao ulikuwa umevimba kama mkate uliolowa chai. Hapo moyo wangu ukajua kabla ya mimi.

Maana mlango ule tulikuwa tumeufungua tayari. Ilikuwa mzee akiwa bado hai, anaota jua kwenye kiti nje ya jikoni, na kioo changu kilikuwa kimekwama chini. Fundi alitoa ubao, akauegemeza kwenye kiti cha mzee, na nyuma yake tukaona kipande cha katoni kimebandikwa kwa gundi. Fundi akacheka, akasema mzee amejishonea kiraka. Nami nikacheka. Mzee akanyoosha mkono wake mzima, akawa anaupapasa ule ubao, anatoa sauti kooni. Nikadhani anaogopa gari lake litaharibiwa. Nikamshika mkono nikaurudisha pajani.

“Tulia, baba. Hakuna mtu anauza gari.”

Alilia. Nikamfuta machozi, nikasema ni ugonjwa.

Na si hilo tu. Ndani ya mlango kulikuwa na nailoni imebandikwa juu ya chuma, ngumu, nzuri, na mimi nilikuwa na vifaranga wanakufa na baridi ya Julai. Nikamwambia fundi anipe. Akasema ile ina kazi yake, inazuia maji yanayoteremka na kioo yasifike kwenye ubao. Nikamjibu mlango si bibi harusi, hauhitaji petikoti. Akacheka tena, akanipa. Misimu miwili ya mvua ikapita juu ya gari lile.

Sasa fundi aliulaza ubao juu ya gunia. Katoni ilitoka yenyewe, bila kuvutwa. Chini yake kulikuwa na bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha uji wa kijivu wenye doa la zambarau mahali muhuri ulipokuwa. Namba haikuwepo. Fundi alijaribu kuutandaza kwa ncha ya kisu, ukamkatikia.

Akafuta kisu kwenye gunia. Baadaye akaniuliza, “Shosho, niurudishe ubao?”

Nikamwambia angoje. Nikaenda kwenye boksi la kuku, nikatoa ile nailoni, nikaiosha mavi kwa sabuni na kuianika kwenye ua. Ilipokauka akaibandika mahali pake, akapanga klipu, zile zilizovunjika akaweka skrubu, akagonga kwa kiganja. Hakusema lolote kuhusu petikoti.

Jumatatu nilimpelekea mwenyekiti ule uji kwenye sahani ya bati. Aliutazama, akanirudishia sahani kwa mikono miwili. Wapimaji wakaanza kupigilia vigingi vyao kutoka kwenye shamba la jirani wa juu, wakapita kwenye mahindi yangu bila kusimama.

Nilikuwa nimekaa ndani ya gari, upande wangu. Nikazungusha kioo nikakifunga, nisisikie nyundo. Kilipanda vizuri kabisa. Nyundo niliisikia.