Kidole Gumba cha Mpimaji

Mpimaji wa maabara ni mchoyo wa maneno. Huinamia darubini, na kidole gumba chake hubonyeza kidude cha kuhesabia, ta, ta, ta, kila chembe nyeupe ya damu na mlio wake. Mama wa binti mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, akingoja kwenye benchi nje ya kidirisha cha maabara, ameshaizoea milio hiyo. Ikija taratibu, wanarudi nyumbani. Leo inamiminika kama mvua juu ya bati, huku binti akiruka kamba koridoni, kicheko tele. Kisha milio inakoma. Mpimaji anatoka na blanketi, analitandika kwenye benchi, analainisha mikunjo kwa kiganja.

"Dada, blanketi la nini? Si unamwona alivyo mzima?"

"Chembe nyeupe zimejaa, mama. Zinanata kwenye kuta za mishipa, na zile nyekundu zilizopinda zikipita zinanaswa, ndipo maumivu huanza. Nimeshawaambia wodini watayarishe kitanda."

Mama anafungua kinywa abishe. Nyuma yake, kamba imeacha kupiga sakafu.

"Mama," binti anaita polepole, "goti."

Mpimaji hageuki. Kidude amekiacha ndani, lakini kidole gumba chake bado kinabonyeza hewa, ta, ta, ta.