Magari Matatu na Fimbo ya Baba

Mara ya kwanza baba kuona gari la stima, aliinama nyuma yake akitafuta mahali moshi unatokea. Hakupaona. Akasimama, akapangusa goti, akaniambia kwa Kimaasai ili yule kijana wa yadi asielewe, "Nakerai, mtoto wangu, kitu kinachokula na hakitoi kitu nyuma, usikiamini haraka."

Hapo ilikuwa Kitengela, kwa yadi moja kando ya barabara ya Namanga. Sisi ni watu wa ndani, ukishapita Isinya. Mimi na mama tunakusanya maziwa yetu na ya majirani, tunauzia hoteli za Kitengela, na kwa miaka mingi pikapu ya kukodi ndiyo ilikuwa inakunywa faida yote. Halafu stima ikafika kwetu. Mimi shule niliiacha mapema, lakini kuota sijawahi kuacha. Nikamwambia baba kwamba tukiwa na gari la stima tutalichaji hapa nyumbani, na maziwa yatafika kabla jua halijakuwa kali. Siku tatu alihesabu ng'ombe zizini. Ya nne akachukua fimbo yake akasema twende tukaone.

Magari yalikuwa matatu, yote ya kampuni moja: dogo, la katikati, na kubwa. Yalipangwa kwa mstari kama ndama wa mama mmoja, macho yale yale, pua ile ile, tofauti ni kimo tu. Ili tununue, baba angeuza ng'ombe. Dogo lingechukua mitamba aliyokuwa ameshaitenga. La katikati lingeingia kwa ng'ombe wa maziwa. Kubwa lingemfikia mwekundu wangu, mjukuu wa yule mtamba niliyepewa nikiwa mtoto, siku niliyonyolewa nywele za kwanza. Kila asubuhi mwekundu huyo hainui kichwa mpaka asikie sauti yangu.

Na bado kubwa ndilo nililolipenda, sitaficha. Nilikaa ndani dakika tano tu na tayari nilikuwa nimemkalisha mama mbele, tunaenda Amboseli kuangalia ndovu kama watalii, yeye anapungia watu mkono.

Kijana wa yadi aliona uso wangu. "Sister, wewe ni wa hii kubwa," akasema. "Mzee, msichana wako anajua vitu."

"Anajua," baba akamjibu. "Hata sukari anaijua tangu akiwa mdogo."

Kutoka hapo nilianza kumwangalia yule kijana vizuri. Kila tukisogelea dogo, alikuwa anatuzuia kwa mkono. "Hiyo ni ya kuendea sapamaketi, mzee. Kwa mawe ya huko kwenu itakwama kwa lugga, hiyo mito yenu mikavu." Mimi niliona huyu anataka tu kuuza kubwa. Baba aliona kitu kingine: dogo ni rahisi, kwa hivyo lazima ni mgonjwa. Tukawa tumesimama pale kila mtu na shaka yake, na shaka zenyewe haziangalii upande mmoja.

Tulirudi mara ya pili. Kwa kioo kidogo nyuma ya usukani wa kila gari palikuwa na namba inayosema betri itakufikisha mbali kiasi gani, na zote zilikuwa juu sana, vile vile kama mara ya kwanza. Tulipoomba kuendesha, tulizungushwa mpaka raundabauti tukarudishwa. Njiani kwenda nyumbani, tukipita Isinya, baba alinigeukia.

"Wamelishwa chumvi," akasema.

Nilijua anamaanisha nini. Wako wachuuzi wa ng'ombe ambao usiku wa kuamkia soko wanalisha mnyama chumvi. Asubuhi anakunywa maji mpaka tumbo linajaa, unamwona mnene, unanunua. Ukifika naye kwako amekojoa yote, umebaki na mbavu. Baba alishawahi kuuziwa mbavu hizo akiwa kijana. Tangu siku hiyo hanunui ng'ombe bila kumtembeza.

Mara ya tatu hatukupiga simu. Tulifika asubuhi na mitungi yote ya maziwa, tumeijaza maji.

"Sopa, mzee," kijana akasalimia, macho kwa mitungi.

"Epa," baba akaitikia. "Leo tunatembea mpaka Kajiado na kurudi. Na hii mizigo."

"Mzee, kampuni hairuhusu."

"Sawa. Basi kampuni ikuje inunue yenyewe."

Kijana aliingia ofisini, akakaa, akatoka na funguo. Mimi niliendesha, yeye kando yangu, baba nyuma ameshika mitungi isimwagike. Tulianza na la katikati. Tukitoka Kitengela ile namba ilisema tunaweza kufika Namanga na kurudi. Tukifika Isinya ilisema Namanga bila kurudi.

"Hiyo ni sababu ya mzigo, na AC," kijana akasema.

"Kwani mimi nanunua ya kubeba upepo?" baba akauliza.

Kijana alishusha sauti. "Mzee, nikuambie ukweli. Hiyo namba inakisia kutokana na vile gari limeendeshwa siku za karibuni. Na hizi zetu zinazunguka tu hapo yadi, polepole, bila kitu ndani."

Baba alinigonga bega na kidole kimoja. "Umesikia? Chumvi."

La katikati tulilirudisha yadi, mchana tukaingia kwa dogo, mitungi ile ile, barabara ile ile. Nalo lilikuwa limedanganya kwa namba, lakini tulifika Kajiado, tukageuza, tukarudi yadi betri ikiwa imebakiza kama theluthi. Kwetu ni karibu kuliko Kajiado. Mgonjwa hakuwa mgonjwa.

"Lakini lugga, mzee," kijana akasema. "Tumbo lake liko chini."

Baba alisimamisha fimbo kando ya gari. Alikuwa ameikata alama nyumbani, kimo cha jiwe refu kuliko yote kwa njia yetu. Alama ilipita tumbo la gari kwa vidole viwili. Kijana akatabasamu, akageukia lile kubwa.

Nami niligeuka, nakubali. Nilimwona mama akipunga mkono. Halafu nikamwona mwekundu amepanda lori, anainua kichwa kusikiliza.

"Jiwe nitaling'oa," baba akasema. "Ng'ombe akishaenda siwezi kumrudisha."

Jiwe lilitolewa, na ilichukua siku mbili. Sasa nimeendesha dogo misimu miwili ya mvua, na halijanilaza njiani. Mama bado hajaona ndovu, lakini anakaa mbele kila Jumapili tukienda kanisani, na anapunga mkono hata kwa watu asiowajua.

Baba bado hajaliamini. Kila jioni anapita kwa gari, anaweka kiganja kwa boneti, ananiuliza kama limekula na limekula saa ngapi. Juzi mwekundu amezaa. Baba alimtemea ndama mate ya baraka kabla hajasimama vizuri kwa miguu yake. Gari hajalitemea. Anasema bado analiangalia.