Mlinzi Aliyefagiwa

Mume wangu ni mtunza ghala, na ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona nafasi imekaa bure. Hata makopo yangu ya jikoni ameyapanga kwa kimo. Kwa hiyo Jumamosi, alipokuta kwenye kompyuta yetu sehemu ya diski asiyoijua, akaifuta yote. Akapangusa mikono, kazi imekwisha.

Alipoiwasha tena, ikaja skrini nyeusi na mstari mmoja wa maandishi. Basi. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na sauti ya marehemu mama yake, tuliyoirekodi hapa mezani, na hatukuwa na nakala nyingine. Nilitaka kumfokea, lakini alikuwa ameshakaa sakafuni, kashika kichwa.

Nikampigia wifi, dada yake, fundi wa kompyuta. Akaja na flashi mkononi na utani mdomoni.

"Kaka, hii ina mifumo miwili ya kuiendesha. Ule wa pili niliuweka mimi. Ukiwasha, kuna programu ndogo inayotangulia, inakuuliza unataka upi. Huyo ndiye mlinzi wa geti. Sasa, chumba ulichofagia ndimo alimokuwa analala."

"Sikujua kama kuna mtu."

"Wewe lini ulijua? Wifi, hebu nipe kiti."

"Na Mama?" mume wangu akauliza.

"Maji yakimwagika hayazoleki, kaka, ila haya nadhani bado yamo ndooni. Mama yuko kwenye mfumo uliobaki. Tunaweka mlinzi mwingine tu, wa upande huo."

Akachomeka flashi, akaandika amri mbili tatu, akaiwasha upya. Skrini ikakaa nyeusi. Nikaomba kimoyomoyo. Mara picha ya watoto wetu ikatokea, ileile ya siku zote! Nilimkumbatia wifi hadi miwani ikamdondoka.

Wifi akanakili kwanza ile rekodi kwenye flashi yake, ndipo tukaifungua. Mama anasimulia taratibu jinsi alivyowalea wanawe hawa wawili, na nyuma yake unasikika ufagio wa mume wangu: kwaru, kwaru. Anakatiza maneno.

"Wee mwanangu, hebu weka hilo fagio chini. Njoo ukae na mimi."

Mume wangu akavuta kiti mbele ya kompyuta, akakaa.