Gari la Mjomba na Upande wa Msikitini

Siku moja naikumbuka mpaka leo kwa harufu yake, mwanangu: asumini na petroli, vyote pamoja. Ilikuwa siku niliyooa.

Enzi hizo za Mwingereza tulikaa Temeke, kwa mjomba wangu Saidi aliyenilea. Mjomba alikuwa dereva wa malori, na uani kwake alikuwa na gari dogo kuukuu ambalo mtaa mzima uliliita Nisukumeni. Hakuna aliyewahi kulipanda asishuke kulisukuma. Hata Bibi Somoe wa Keko aliwahi kupewa lifti kwenda hitimani, akajikuta mchangani amekunja buibui, anasukuma na vijana. Hakusahau.

Na huyo Bibi Somoe ndiye aliyemlea Mwanahawa, binti niliyemtaka. Wazee wetu walipokwenda kuposa, alinitazama mimi niliyekuwa nimejibanza nyuma ya mlango. Nilikuwa mtu wa haya sana. Mbele za watu sauti yangu ilipotea kabisa.

"Mume wangu," akaniita, maana bibi hutaniana hivyo na mchumba wa mjukuu wake, "huyu mke mwenzangu nakupa. Ila hatatoka mlango huu kwa miguu, wala gari la mjomba wako hatalisukuma. Likija kwa kusukumwa, lirudi tupu. Atalala na mie."

Watu wakacheka. Mjomba hakucheka. Akasimama, akasema mbele ya wazee wote, "Litakuja lenyewe, Bibi. Halitaguswa na mkono wa mtu."

Basi ikawa hivyo. Ahadi imetoka na haikurudi.

Bahati nzuri, gari moja jipya lilikuwa limepinduka njia ya Pugu. Bodi ilibondeka yote, lakini injini ilisalia nzima, na Mjomba akaipata. Ilipoletwa kwenye mkokoteni, imefunikwa gunia, tuliishangilia kama mgeni kutoka Makka! Ilikuwa kubwa, safi, nzito. Rafiki yangu Mwichande, mchonga vinyago mwenye mdomo usiofungika, akaizunguka akasema, "Hii ukiitia kwenye Nisukumeni, gari litakimbia bodi ibaki hapahapa."

Tukaanza kazi palepale uani. Injini ya zamani tuliitoa kwa kamba na boriti mabegani. Mpya ilikuja na giaboksi yake, na giaboksi hiyo haikupatana na shafti la zamani, kwa hiyo ikabidi Mjomba afungue na difu ya nyuma, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Gari likakaa juu ya mawe bila magurudumu, vipuri vyake vimetandazwa kwenye jamvi. Nikavisafisha kwa mafuta ya taa, kisha Mjomba akanipa chaki.

"Wewe una mwandiko. Andika kila kitu kimetoka upande gani."

Uani kwetu hakuna aliyesema kulia wala kushoto. Upande mmoja palikuwa na msikiti, upande wa pili kisima. Hata kikombe tuliambiana kimewekwa upande wa kisimani. Kwa hiyo nikaandika polepole, kwa herufi kubwa kama nilivyofundishwa darasa la nne, MSIKITINI, KISIMANI, MSIKITINI. Ile gia kubwa yenye meno, iliyokaa katikati ya difu, niliiandika MSIKITINI upande wake wa meno. Mjomba akausifu mwandiko.

Ukaja wakati wa kuingiza injini mpya. Tulisimamisha boriti tatu na mnyororo, lakini mchanga wa pale ulikuwa laini na boriti zikazama. Penye ardhi ngumu palikuwa karibu na ukuta wa jiko, mkiani mwa gari. Mwichande akaita majirani. Gari halikuwa na injini, lilikuwa jepesi, basi wanaume wakaliinua kama kitanda. "Bismillahi! Inua! Zungusha!" Wakaligeuza kichwa kikawa ulipokuwa mkia, wakalirudisha juu ya mawe. Nikupe siri, mwanangu? Raha ya siku ile ilikuwa kubwa mno. Hakuna aliyefikiri kwamba tumegeuza kitu kingine zaidi ya gari.

Injini ikaingia. Mjomba akafunga difu kwa kusoma chaki yangu: hii msikitini, hii kisimani. Kila kitu kikakaa, na magurudumu yakarudishwa.

Alhamisi alasiri, gari bado liko juu ya mawe, Mjomba akazungusha hendeli. Mara moja tu, ikawaka! Haikukohoa hata kidogo. Akaingia, akatia gia.

"Magurudumu yanazunguka!" Mwichande akapiga kelele, na akina mama wakapiga vigelegele. Sote tulikuwa tumeinamia injini kama watu wanaomtazama mtoto mchanga. Yalizunguka kuelekea wapi, hakuna aliyeangalia.

Ijumaa baada ya swala nikafungishwa ndoa. Gari lilikuwa limeshushwa, limevishwa mashada ya asumini tangu taa za mbele hadi mkiani. Mtaa mzima ulipanga mstari njiani. Mimi katika kanzu mpya nikakaa mbele na Mjomba. Akawasha. Akakanyaga klachi, akatia namba moja, akawapungia watu mkono.

Gari likaenda nyuma.

Likapindua ndoo ya mtu kabla Mjomba hajashika breki. Akatazama gia. Akatia tena, kwa uangalifu. Nyuma. Namba mbili, nyuma kwa kasi zaidi! Akajaribu rivasi, nayo ikatupeleka mbele, lakini kwa mwendo wa konokono, injini ikipiga mayowe, na kabla hatujafika kona rejeta ikachemka ikatoa moshi.

Kicheko kilichozuka sijapata kukisikia tena. "Nisukumeni amebadili jina! Sasa ni Nirudisheni!" Watoto wakaimba. Mjomba aliegemeza kichwa kwenye usukani. "Nimeahidi mbele ya wazee," akasema kwa sauti ndogo. "Bibi atambakiza mjukuu wake." Jua nalo lilikuwa linashuka. Kosa lilikuwa ndani ya difu, na kuifungua tena ni kazi ya siku nzima.

Nikamwona Mwanahawa akilini, amepambwa, amekaa kusikiliza kama kuna gari linakuja. Sijui sauti ilitoka wapi, mwanangu. Mimi niliyekuwa siwezi hata kuagiza chai mbele za watu, nikasimama ndani ya lile gari nikasema kwa nguvu, "Mjomba, geuza shingo. Twende hivi hivi!"

Kisha Mwichande akaruka juu ya bampa ya nyuma, akajishikilia. "Twende! Mie ndiye macho!"

Tukaongeza maji, tukaondoka Temeke tumetanguliza mgongo. Mwichande akapiga kelele, "Kushoto! Kushoto!" Mjomba akakata, nusura tuingie kwenye genge la mwuza mihogo.

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kwangu!"

"Wewe umenigeuzia mgongo, mpumbavu we! Sema upande wa dereva au upande wa bwana harusi!"

Tangu hapo hatukukosea. "Upande wa dereva kidogo! Shimo upande wa bwana harusi!" Watu wakatukimbilia pande zote mbili. Chang'ombe, askari wa njia panda akainua mkono.

"Nyie! Mnakwenda au mnarudi?"

"Sisi tunakwenda, afande," Mjomba akajibu. "Gari ndilo linarudi."

Askari alicheka mpaka kofia ikamwanguka, akatupisha.

Tulipofika Keko, Bibi Somoe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Akaliona gari linakuja kisogo. Akalingoja mpaka likasimama lenyewe mbele yake. Akalizunguka lote, akitafuta mtu aliyesukuma. Mjomba hakuthubutu kushuka.

"Limesukumwa?"

"Halikuguswa, Bibi," nikajibu mimi.

Akanitazama kama ndiyo kwanza anasikia sauti yangu. Kisha akaingia ndani, akatoka amemshika Mwanahawa mkono.

"Mie nilisema asisukume," akawaambia watu. "Sikusema gari lielekee wapi."

Vigelegele vikapasua Keko! Mwanahawa akapanda kiti cha nyuma. Na kwa sababu tulirudi vilevile kisogo, yeye wa kiti cha nyuma ndiye aliyetangulia kuingia Temeke, na mimi mumewe nikamfuata.

Kesho yake Mjomba alifungua difu. Akaishika ile gia iliyoandikwa MSIKITINI, iliyokuwa imekaa upande usio wake na kuzungusha magurudumu kinyume, akaitazama, akatazama msikiti, akatazama gari. Akakaa chini kwa kicheko. "Chaki yako haikukosea," akaniambia. "Msikiti nao haukuhama. Sie ndio tuliogeuka." Akafuta chaki yote, akaniambia niandike upya: DEREVA, ABIRIA.

Basi nasaha yangu ni hiyo, mwanangu. Ukimweleza mwenzako jambo, litaje kwa namna ambayo naye ataliona palepale, hata kama amesimama upande mwingine. Mimi na Mwanahawa tumegombana mara nyingi, na mara nyingi ilikuwa kushoto kwake na kushoto kwangu tu. Siku hizi mmoja akipandisha sauti, mwingine huuliza, "Upande wa dereva au wa abiria?" Hasira huishia hapo. Na ahadi uliyoitoa, nenda nayo kwa gari ulilo nalo siku hiyo. Mtu anayekungoja mlangoni anataka kukuona umefika. Ukiwa na neno la kusema, liseme. Haya ni nzuri, lakini haitamleta mtu nyumbani.

Mwenyezi Mungu akuongoze uendako. Akupe wa kukuelekeza nyuma yako na wa kukungoja mbele yako, na hata siku utakayotanguliza kisogo, ukute mlango uko wazi na watu wanakushangilia.