Vimaua Nilivyompandia Marehemu

Kosa ni langu, sisingizii mvua wala matope.

Mimi nafanya kazi kwenye shamba la maua hapa Naivasha, kufunga mashada ya kusafirishwa. Kwa vile nimeshika maua miaka mingi, nilijiona profesa. Mume wangu alipofariki tulimzika kwao, upande wa Kariandusi. Kando ya barabara ya huko niliona vimaua vidogo vyeupe, vinafanana na vile tunavyojazia mashada ya waridi. Nikavichimbua na mizizi, nikavipanda juu ya kaburi. Vilishika hata bila kumwagiliwa, nami nikafarijika sana.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuja na jembe.

"Shem, hii ni gugu. Cheki majani, ni kama ya karoti. Wacha ning'oe kabla imwage mbegu."

"Ng'oa tu," nikamwambia. "Si hata ndugu yako mshamsahau."

Maneno yale yalimchoma. Alirudisha jembe nyumbani, na baada yake hakuna aliyethubutu kugusa kaburi.

Kumbe kila kimaua kilikuwa na mbegu ndogo nyeusi, karibu kama vumbi! Mvua ilizisomba hadi malishoni, nyingine tukazibeba wenyewe kwa matope ya viatu. Msimu uliofuata nyasi ilizidiwa. Ng'ombe wa mama mkwe alikula gugu kwa njaa, maziwa yakawa machungu, wateja wakahama. Mama akaingia kuling'oa kwa mikono mitupu. Ngozi ilimwasha hadi ikapasuka, na kifua kikambana.

Kliniki walimwambia asilikaribie tena. Hapo ndipo ninapolia. Mama alikuwa na desturi ya kwenda kumsalimia mwanawe kila asubuhi akitoka kukama. Sasa anasimama mlangoni, leso puani, anaangalia kwa mbali.

Nilipomwomba msamaha alisema, "Nimekusamehe, mwanangu. Ukifika pale mwambie bado niko." Heri angenitukana.

Tumeng'oa, linaota tena. Wewe unayesoma, ukiona mmea wa majani ya karoti na vimaua vyeupe, vaa glavu, uung'oe kabla haujamwaga mbegu. Na mtu akikuambia ulichopanda kwa mapenzi ni gugu, usimzibe mdomo kwa kumtajia marehemu.