Ulimi wa Xian Suqiong

Kila asubuhi, saa moja kasoro dakika chache, Xian Suqiong husimama mbele ya kibanda cha Gou, muuza utumbo wa nguruwe wa pilipili. Hanunui. Huinamia sufuria, hufumba macho, huvuta pumzi moja ndefu, kisha hutoa hukumu yake.

"Leo umezidisha chumvi, Gou."

"We mwanamke, hujawahi kuonja hata tone la mchuzi wangu! Chumvi unaijua kwa pua?"

"Onja mwenyewe."

Gou huonja, hukunja uso, huongeza maji. Wateja hucheka. Suqiong huendelea na safari yake hadi kantini ya kiwanda cha dawa, ambako hula uji mweupe wa mchele na yai la kuchemsha. Hakuna achari, hakuna mafuta mekundu.

Hapa mjini kwetu Jiangyou, mtu anayekula hivyo huulizwa kama ametoka kulazwa. Pilipili ya ganzi, ile inayotekenya midomo mpaka mtu asiisikie tena, tunaitia hata kwenye karanga. Suqiong hakuwa ameigusa kwa miaka thelathini na mmoja. Ulimi wake ulikuwa chombo cha kazi, naye aliutunza kama fundi cherehani anavyotunza mkasi wa kukatia vitambaa, asikubali ukate hata karatasi.

Kazi yake ilikuwa kuonja fuzi. Mzizi huo hulimwa kwenye mashamba ya ng'ambo ya mto, na ukiwa mbichi unaua. Ukilowekwa siku kadhaa katika maji ya chumvi chungu, ukachemshwa, ukakatwa vipande, ukasuuzwa tena na tena na kupikwa kwa mvuke, unageuka dawa ya watu ambao moyo umechoka na mikono imekuwa baridi. Swali ni moja tu: sumu imetoka kweli? Tangu zamani jibu lilitafutwa kinywani. Mtaalamu hutafuna kipande kidogo kwa meno ya mbele, hutema, husubiri. Ulimi ukifa ganzi, dawa haijaiva. Na aliyekula pilipili ya ganzi asubuhi hawezi kujua ganzi ipi imetoka wapi.

Nilipoajiriwa katika kitengo cha utafiti cha kiwanda, nikiwa na shahada yangu ya famasia na woga wa kupokea simu, nilipewa kazi ya kuandika anachosema. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Alishawahi kustaafu, lakini walimrudisha kwa mkataba baada ya miezi miwili, kwa kuwa aliyechukua nafasi yake alikuwa akivuta sigara kwa siri. Katika miezi miwili hiyo hakula pilipili. Alisema alijua tu watamwita.

Mkuu wa kitengo chetu, Mhandisi Bao Yunting, alikuwa ametumia miaka minne kutafuta njia mpya ya kuivisha fuzi. Alibuni tangi la presha, na kazi ya siku nane ikawa inaisha kwa siku mbili. Alileta pia mashine ya kupima sumu, na kila kipimo cha fuzi mpya kilitoka safi. Likabaki jambo moja: sahani ishirini za fuzi hiyo zionjwe na Suqiong bila yeye kuambiwa mashine ilisema nini. Ulimi na mashine vikikubaliana kwa zote ishirini, shehena ya kwanza ingepelekwa hospitali Jumatatu iliyofuata, wagonjwa wangeanza kuitumia, na kuonja kungekoma. Mashine ingetosha.

"Maana yake, Fundi Xian," Bao alimwambia, "mwezi ujao unaenda kwa Gou na kula mpaka usiisikie midomo."

"Usinitanie, Mhandisi."

"Sikutanii."

Habari zilimfikia Gou siku hiyohiyo. Akanunua bakuli jipya jeupe, akaliosha, akaliweka rafuni na kulifunika kwa kitambaa.

"Hili la Bibi Chumvi," aliwaambia wateja. "Atakayeligusa namkata vidole, navichemsha humu humu."

Suqiong alipoliona mara ya kwanza aliinamia sufuria, akavuta pumzi, akaenda zake. Siku hiyo hakusema lolote kuhusu chumvi.

Tulianza Jumatatu. Zilionjwa sahani nne kwa siku, mbili asubuhi na mbili mchana, maana ulimi nao huchoka. Alikaa kwenye kiti kilekile karibu na dirisha. Alitafuna, akatema, akawa anagonga meza kwa kidole huku akisubiri, nami nikisubiri na kalamu. "Safi," alisema. Nikaandika safi. Jumatatu nne, Jumanne nne, Jumatano asubuhi mbili. Bao alikuwa ameanza kupiga mluzi koridoni.

Jumatano hiyo mchana kulikuwa na karamu ya mjukuu wa kaka yake, mtoto aliyetimiza mwezi mmoja. Suqiong alienda, akarudi saa nane, akasukutua kinywa na kutafuna kipande kutoka sahani ya kumi na moja. Akagonga meza. Aligonga muda mrefu kuliko kawaida.

"Ina ganzi," alisema.

Nilimwita Bao. Alikuja na karatasi ya mashine mkononi.

"Haiwezekani, Fundi. Tazama namba hii. Safi kabisa! Umekula nini leo?"

Suqiong aliangalia sakafu. "Samaki."

"Samaki gani?"

"Wa mvuke, hana kitu. Lakini wifi yangu ndiye aliyeniwekea bakulini, kwa vijiti vyake mwenyewe. Vilikuwa vimetoka kwenye sufuria ya pilipili ya ganzi."

"Na wewe ukala!"

"Ana miaka sabini na mbili. Ameinuka kitini, amezunguka meza nzima kuja kuniwekea kipande cha shavu. Nimrudishie mbele ya ukoo?"

Bao alishusha pumzi, karibu acheke. "Basi ndiyo hiyo! Ganzi ya wifi, si ya fuzi. Binti, andika safi."

Kabla kalamu haijagusa karatasi, Suqiong aliweka kiganja chake juu ya daftari langu.

"Usiandike safi. Usiandike ganzi. Leo sina ulimi."

"Fundi, lori linaondoka Jumatatu!"

"Lori halina ugonjwa wa moyo, Mhandisi."

Mimi na Bao hatukuwa kwenye karamu ile. Asingetaja vijiti, tusingejua kamwe. Na angekubali neno "safi" alilopewa bure, bakuli la Gou lingekuwa limeanza kushuka rafuni.

Kwa siku tatu alikula uji tu na kunywa maji ya vuguvugu. Hakupita hata kibandani, kwa kuogopa safari hii hata mvuke. Alizunguka kwa nyuma ya kinu cha mchele. Gou alinikamata njiani.

"Binti, Bibi Chumvi kafa?"

"Anapumzisha ulimi."

"Mwambie mchuzi wangu umeharibika tangu Alhamisi. Hakuna wa kunikemea."

Jumapili asubuhi tulikutana maabara watu watatu. Suqiong alinitaka nichanganye sahani ya kumi na moja na nyingine tano zilizokwishapita, zote bila namba, yeye akiwa ametazama ukuta. Akaonja moja moja, akipumzika kati ya moja na nyingine kwa muda mrefu hata chai ya Bao ikapoa mara mbili. Ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu safi. Kwenye ya nne kidole kiliacha kugonga.

"Hii hapa."

Nilitazama orodha yangu. Ilikuwa ya kumi na moja.

"Bahati," alisema Bao, lakini kwa sauti ndogo.

"Changanya tena, mwanangu," Suqiong aliniambia.

Nilichanganya tena. Safari hii iliangukia mwanzoni kabisa. Alitafuna, akatema, akakaa amefumba macho.

"Ni ileile," alisema.

Bao hakubisha tena. Alibeba sahani hadi dirishani, akaanza kuinua vipande kimoja kimoja kwenye mwanga. Vingi viling'aa kama sukari guru iliyoyeyushwa. Katika vile vinene zaidi mlikuwa na kidoa cheupe katikati, kidogo kama punje ya mchele. Moyo wa mizizi mikubwa haukuwa umeiva. Mashine ilikuwa ikilishwa unga wa vipande kumi vilivyosagwa pamoja, na sumu ya kimoja ilipotea ndani ya tisa vizuri. Suqiong alitafuna kipande kimoja, kile ambacho kingeangukia kwenye chungu cha mtu mmoja.

Lori halikuondoka. Bao aliipigia hospitali simu yeye mwenyewe, nami nilimsikia akisema "kosa ni langu" mara tatu. Ilichukua miezi minne zaidi. Sasa mizizi hupangwa kwa ukubwa kabla ya kuingia tangini, mikubwa hukatwa nusu, na imeongezwa siku ya tatu. Bado tunaokoa siku tano. Na katika kanuni za kiwanda, baada ya ukurasa wa mashine, kuna ukurasa wa ulimi, alioandika Bao kwa mkono wake.

Wanawake vijana wawili waliletwa kujifunza. Mmoja alitoroka siku ya kumi na mbili. Harufu ya jikoni kwa mama mkwe wake ilimshinda. Mwingine, Mi Rong, bado yupo. Hula uji huku amenuna, na Suqiong humpigapiga mgongoni kama mtoto mwenye kikohozi.

Mkataba wa Suqiong uliongezwa miaka miwili. Bakuli bado liko rafuni. Gou hubadilisha kitambaa kila mwaka mpya. Na kila asubuhi Suqiong huinamia sufuria ileile.

Mimi si mtu wa kuuliza watu mambo. Swali langu nilikaa nalo karibu mwaka mzima, mpaka asubuhi moja tulipokuwa wawili tu, yeye akigonga meza na mimi nikishika kalamu.

"Fundi, Jumapili ile, ulipoisikia ganzi mara ya pili, hukutamani kunyamaza?"

"Nilitamani," alisema. "Lakini ganzi ilikuwepo."